Ni Nani Aliyeniunga Chamani?

Mwezi wa Juni 2021, wananchi walipowezeshwa kukagua katika mtandao wa eCitizen kama wameandikishwa katika chama chochote cha kisiasa, jirani yangu hapa Maringo, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alinijia na simu mkononi. "Mwalimu," akaniambia, "hebu nisomee. Macho yangu yananiambia mimi ni mwanachama wa chama ambacho hata rangi zake sizijui."

Nikamsomea, hakuwa amekosea. Kisha nikajikagua mwenyewe, nikajikuta nimo katika chama kingine ambacho sijapata kukanyaga ofisi yake.

Hatukuwa peke yetu. Malalamiko kama hayo yalisikika nchini kote, mengine yakafikishwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Chanzo chake si fumbo. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inakitaka chama kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti zetu 47, yaani majina 24,000 kwa uchache. Kuwashawishi watu 24,000 ni kazi ya miaka. Kunakili nambari za vitambulisho vyao ni kazi ya siku chache.

Wanafunzi wangu wa mofolojia wanajua kwamba kitenzi "kujiunga" kimebeba -ji- ya kujirejelea: mtendaji ndiye mtendwa. Iondoe -ji- hiyo, useme "kuungwa", na mtu amegeuka ubao mkononi mwa seremala.

Mzee wangu ana kipimo chake cha mambo haya, nacho ni mlolongo wa KANU wa 1988. Wapiga kura walipanga mstari nyuma ya mgombea au wakala wake, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja pasi na kura ya siri. Mstari mfupi ukatangazwa kuwa mrefu mchana kweupe. Utaratibu huo ulifutwa 1990, na hapana anayeulilia. Lakini wizi ule ulikuwa na mashahidi: kila aliyesimama uwanjani alikuwa na macho. Orodha ikiwa ndani ya mtambo, ni nani anayeuona mstari?

Sisemi turudi uwanjani, la hasha. Mama muuza mboga wa Barabara ya Jogoo hawezi kuacha meza yake akashinde katika ukumbi wa Kaloleni, walikokutana wanasiasa enzi za mkoloni. Simu ingempa sauti. Aprili 2024 chama cha UDA kilitumia vifaa vya kielektroniki katika uchaguzi wake wa mashinani, Nairobi ikiwamo, na vingine huenda vikafuata. Linalonishughulisha ni nani anayeshika daftari, na nani anayetunga swali.

Italia imetutangulia. Harakati ya Nyota Tano iliwapigisha wanachama wake kura katika mtandao ulioitwa Rousseau, uliozinduliwa 2016. Februari 2021 waliulizwa kama wanaafiki kuiunga mkono serikali ya Mario Draghi, ndani ya swali lilelile wakiahidiwa wizara kubwa ya mazingira na kulindwa kwa mafanikio yao ya awali. Takriban asilimia 59 wakaafiki. Mwalimu yeyote aliyewahi kutunga mtihani anajua kwamba swali lililovishwa jibu lake si swali. Mwaka huohuo chama na wenye mtandao wakagombania orodha ya wanachama hadi kwa wakuu wa sheria: chama kizima, na daftari lake liko kwa mwingine!

Kwetu, Ibara ya 91 ya Katiba inavitaka vyama viwe na uchaguzi huru na wa haki ndani yake. Basi jina lisiingie daftarini kabla mwenyewe hajathibitisha kwa simu yake, na watungaji wa maswali wachaguliwe na wanachama, wala wasiteuliwe na kiongozi.

Mimi niliandika barua ya kujiuzulu chama nisichojiunga nacho. Mzee alikataa katakata. "Maadamu wameniandika," alisema, "watanihesabu." Aprili 2022, msimu wa uteuzi, alivaa koti lake la kazini, akachukua kitambulisho, akaenda kuuliza kura inapigiwa wapi. Alirejea kabla ya saa nne. Aliambiwa kwamba tiketi ya Makadara ilikwisha kutolewa.