Je, Wajua? Wachoraji Walioondoka Mapema

Je, wajua kwamba mtu aliyeanzisha mtindo wa Tingatinga, ule wa chui, ndege na twiga wa rangi kali, alichora kwa takriban miaka minne tu? Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, kusini mwa Tanzania, akafanya vibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba wa dari, na kuuza picha zake Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu anayetoroka. Alikuwa na miaka 40 hivi. Hakuacha chuo wala jengo. Aliacha vijana aliowafundisha, baadhi yao jamaa zake: January Linda, Adeusi Mandu, Omari Amonde, Kasper Tedo. Hao ndio walioshika brashi, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wenye jina lake. Bila wao, leo tungekuwa na picha chache tu za mtu aliyesahaulika.

Je, wajua kwamba historia nzima ya Kongo iliwahi kuchorwa juu ya magunia ya unga na kuelezwa kwa Kiswahili? Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa 1947 huko Lubumbashi, wakati huo ukiitwa Élisabethville. Mwaka 1973 na 1974 alimpelekea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini humo, picha zaidi ya 100: falme za kale, Wabelgiji, Lumumba, vita vya Katanga, Mobutu. Kila picha aliifafanua mwenyewe, naye Fabian akarekodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba akatoweka, akiwa na miaka 34 hivi. Mazungumzo yake yalichapishwa mwaka 1996, na picha zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho Amsterdam. Mimi namweka juu ya wengi wanaosifiwa kuliko yeye. Msomaji wa Gisenyi, Rwanda, aliyezoea kuvuka mpaka na kusikia Kiswahili cha Goma, hatahitaji mkalimani ili kumwelewa.

Ulaya orodha ni ndefu zaidi, kwa sababu huko waliandika majina na tarehe mapema.

Je, wajua kwamba Masaccio wa Italia alifariki 1428 akiwa na miaka 26 au 27, na bado Michelangelo alikwenda kujifunza kwa kunakili picha zake za ukutani kule Florence? Raphael alifika 37.

Je, wajua kwamba Elisabetta Sirani wa Bologna alikuwa tayari ameacha kazi zipatazo 200 alipofariki ghafla mwaka 1665, akiwa na miaka 27? Mtumishi wa kike wa nyumbani kwao alishtakiwa kwa kumwekea sumu. Sirani alikuwa akiwafundisha wanawake wengine kuchora, katika zama ambazo karakana nyingi ziliwafungia mlango.

Je, wajua kwamba Carel Fabritius aliuawa na ghala la baruti? Lililipuka Delft, Uholanzi, tarehe 12 Oktoba 1654, likabomoa sehemu kubwa ya mji. Aliyeiona Goma baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Januari 2002 anaweza kukisia hali ilivyokuwa. Fabritius alikuwa na miaka 32. Picha zake zilizobaki ni kama dazeni moja, na mojawapo ni ile ya ndege mdogo aliyefungwa mnyororo, aliyoichora mwaka huohuo.

Je, wajua kwamba vita vilivyogusa Gisenyi, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndivyo hivyohivyo vilivyowaua marafiki wawili, August Macke na Franz Marc? Macke aliuawa Ufaransa Septemba 1914, akiwa na miaka 27. Mwezi huohuo Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Marc, mchoraji wa farasi wa buluu, aliuawa Verdun Machi 1916, na mwaka huo Wabelgiji wakawaondoa Wajerumani Gisenyi.

Homa kali ya 1918 ilimchukua Egon Schiele wa Austria akiwa na miaka 28, siku tatu tu baada ya mkewe aliyekuwa mjamzito.

Je, wajua kwamba Paula Modersohn-Becker wa Ujerumani alifariki Novemba 1907, akiwa na miaka 31, chini ya wiki tatu baada ya kujifungua? Aliambiwa alale kitandani asiinuke. Siku aliyoinuka, damu iliyoganda ikamuua. Mwaka 1927 lilifunguliwa Bremen jumba la makumbusho lenye jina lake, la kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya mchoraji mwanamke.

Na Vincent van Gogh? Wengi wanajua habari ya sikio alilojikata. Wachache wanamjua Johanna Bonger, shemeji yake. Vincent alifariki Julai 1890 akiwa na miaka 37. Miezi sita baadaye akafariki ndugu yake Theo, mume wa Johanna. Mjane huyo wa miaka 28 alibaki na mtoto mchanga na mamia ya picha ambazo hazikuwa na soko. Hakuzitupa. Aliziandalia maonyesho mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1914 akachapisha barua za ndugu hao wawili. Kwangu mimi, sifa ya Van Gogh nusu yake ni ya Johanna.

Je, wajua kwamba volkano zetu zimo ndani ya jumba la makumbusho ya viumbe New York? Mchoraji William Leigh alipanda Virunga mwaka 1926 na msafara wa jumba hilo ulioongozwa na Carl Akeley, akachora mandhari iliyo nyuma ya sokwe wa milimani wanaoonyeshwa humo, pamoja na Nyiragongo. Si wote walioondoka mapema: Leigh aliishi miaka 88.

Nawe uliyenunua picha kwa kijana anayechora Gisenyi au Goma, igeuze leo. Andika nyuma yake jina lake kamili, mji na mwaka, angali hai aweze kukusahihisha.