Kuvuja kwa Oili katika Matrekta Makuukuu ya Minyororo

Mahali lilipolala katapila kuukuu hutambulikana asubuhi hata kama lenyewe limekwisha kuondoka. Ardhini hubaki madoa meusi: moja chini ya injini, jingine nyuma kidogo, na mengine mawili karibu na minyororo. Dereva akiulizwa hujibu kwamba mashine imezeeka, na kwamba dawa yake ni kuongeza oili kila siku. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Kila doa lina sababu yake, na sababu hiyo yaweza kutafutwa kwa kanuni zile zile za fizikia zinazofundishwa katika shule zetu za sekondari.

Katapila katika historia yetu

Trekta la minyororo halikuingia nchini jana. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, magharibi ya Morogoro. Kwa kuwa baada ya vita matrekta mapya yalikuwa adimu, yalinunuliwa mengi yaliyokwisha kutumiwa na majeshi. Hata vifaru vya aina ya Sherman vilibadilishwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki, navyo vikaitwa Shervick. Mradi ulivunjwa mwaka 1951. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi: mvua chache, udongo uliokuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mipango iliyofanywa kwa haraka. Lakini mojawapo ilikuwa hii: mashine zilizokwisha kuchoka zilipelekwa penye vumbi kali, mbali na karakana na mbali na vipuri.

Funzo hilo lahusu pia milima ya Uluguru. Katapila hutumika kufungua barabara za milimani, kusafisha mashamba, na kuchimba mitaro na mabwawa. Miamba ya milima hii ni ya kale, nayo ina madini ya kwatzi ambayo ni magumu kuliko chuma cha kawaida. Mwamba unapooza na kuwa udongo, kwatzi hubaki kama chembe za mchanga. Chembe hizo zikiingia katika mashine hufanya kazi ya tupa.

Mambo matatu yanayoleta uvujaji

Ili oili ivuje, hapana budi mambo matatu yakutane: pawe na oili mahali hapo, pawe na njia ya kupitia, na pawe na nguvu ya kuisukuma. Likiondolewa moja tu, uvujaji hukoma. Mafundi wengi huitazama njia peke yake, wakasahau mengine mawili.

Tuanze na njia. Mahali shafti inapotokea nje ya boksi la gia huwekwa sili. Hii ni pete ambayo mdomo wake mwembamba, wa mpira au wa ngozi, huikumbatia shafti inapozunguka. Katika baadhi ya sehemu za katapila hutumika pete mbili za chuma zilizosuguliwa zikalingana, moja ikizunguka juu ya nyingine. Sili ya mpira hukauka kwa joto na umri, ikapoteza ulaini wake. Mchanga nao hujishikiza mdomoni na kuchimba kijifereji juu ya shafti. Tena, beringi ikilegea, shafti hucheza huku na huku, na mdomo wa sili hauwezi kuifuata. Hivyo fundi anayeweka sili mpya juu ya shafti iliyochimbika, au penye beringi iliyolegea, atairudia kazi hiyo hiyo baada ya muda mfupi. Ameondoa dalili, lakini ugonjwa ameuacha.

Jambo la pili ni nguvu. Boksi la gia halijai oili. Juu yake pana hewa. Tuseme asubuhi hewa hiyo ina joto la nyuzi 25 za Selsiasi, na adhuhuri, baada ya kazi, imefikia nyuzi 85. Kwa kipimo cha Kelvin hizo ni 298 na 358. Kama hewa haina pa kutokea, kanieneo lake huongezeka kwa uwiano huo huo: 358 ikigawanywa kwa 298 ni 1.2. Maana yake ni kwamba kanieneo ndani ya boksi limezidi la nje kwa sehemu moja katika tano, yaani karibu kilopaskali 20. Sili iliyochakaa haiwezi kustahimili msukumo huo. Ndiyo sababu waundaji waliweka kipumulio, yaani kifuniko chenye tundu la kupitisha hewa. Kipumulio kikizibwa na tope, oili hutafuta mlango mwingine. Kukisafisha huhitaji mafuta ya taa kidogo na kitambaa tu, na mara nyingine uvujaji wote hukoma hapo hapo.

Jambo la tatu ni oili yenyewe. Oili inapopata moto mnato wake hupungua, ikawa nyepesi na kupita penye ufa ambao ilishindwa kuupita ilipokuwa baridi. Tena, baadhi ya sili zimewekwa juu ya usawa wa oili. Oili ikijazwa kupita alama, au katapila likifanya kazi likiwa limelala upande mmoja kwenye mteremko, sili hizo huzama katika oili zikaanza kuvuja. Kwa hiyo kiasi cha oili kipimwe mashine ikiwa mahali tambarare, kisizidi wala kupungua.

Uvujaji usiovumilika

Si kila uvujaji una uzito sawa. Unyevu unaokusanya vumbi kwenye ukingo wa kifuniko waweza kungoja. Lakini kuna aina mbili ambazo hazifai kungojewa.

Ya kwanza huhusu klachi za kukatia kona. Katapila halina magurudumu ya mbele ya kugeuzwa. Hukata kona kwa kuondoa nguvu katika mnyororo mmoja kwa klachi ya upande huo, na kisha kuushika kwa breki. Katika matrekta mengi ya zamani klachi na breki hizi hufanya kazi zikiwa kavu, ndani ya vyumba vilivyotengwa na gia kwa sili. Sili ya ndani ikikatika, oili huingia na kulowesha vitambaa vya klachi na breki. Kwenye uwanda dereva ataona tu kwamba mashine inasita kukata kona. Kwenye mteremko wa Mgeta au Matombo, penye korongo upande mmoja, kosa hilo laweza kuchukua roho ya mtu. Chini ya vyumba hivyo kwa kawaida huwa na kizibo. Kikifunguliwa mashine ikiwa imesimama na oili ikatoka, ni dhahiri kwamba sili ya ndani imeharibika, nalo katapila lisipelekwe mlimani mpaka litengenezwe.

Ya pili huhusu gia za mwisho, zile zinazozungusha minyororo. Njia inayotoa oili nje ndiyo hiyo hiyo inayoingiza tope ndani. Boksi lenye moto likiingia ghafula katika kijito cha maji ya baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji kupitia sili mbovu. Oili hugeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo haiwezi tena kuzilinda gia, na bei ya gia haikaribiani kabisa na bei ya sili.

Jinsi ya kutafuta chanzo

Oili hushuka chini na kupeperushwa nyuma. Kwa hiyo mahali inapodondoka si lazima pawe mahali inapotoka. Taratibu ifuatayo husaidia:

1. Simamisha mashine mahali tambarare, teremsha kisu chake hadi ardhini, zima injini, na uiache ipoe.
2. Osha tope na oili yote ya zamani, kisha kausha. Juu ya uchafu hakuna uchunguzi.
3. Pima kiasi cha oili na usafishe vipumulio.
4. Pakaza vumbi la chaki nyeupe penye mashaka, mbali na sehemu zinazozunguka. Endesha mashine kwa dakika chache, izime, kisha tazama: mahali chaki ilipolowa kwanza ndipo penye chanzo. Anza juu ukienda chini.
5. Kaza bolti kwa zamu, kutoka upande mmoja hadi wa pili unaoelekeana, bila kutumia nguvu kupita kiasi. Kifuniko kilichokazwa mno upande mmoja hupinda, na ufa huongezeka.
6. Gasketi iliyokatika ibadilishwe. Ringi ya shaba iliyokuwa ngumu yaweza kurudishiwa ulaini kwa kuipasha moto hadi iwe nyekundu, kisha kuipoza.

Tahadhari moja isisahauliwe. Mipira ya haidroli hubeba oili yenye kanieneo kubwa sana. Usitafute tundu lake kwa kidole, kwani mchirizi mwembamba kama uzi waweza kutoboa ngozi na kuingiza oili mwilini. Tumia kipande cha boksi la karatasi. Na mtu akichomwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo.

Hesabu ya tone moja

Tone la oili lina ujazo wa karibu mililita 0.04. Likidondoka tone moja kila sekunde kwa muda wa saa nane za kazi, matone yatakuwa 28,800, na oili iliyopotea ni zaidi ya lita moja. Kwa siku 25 za kazi ni karibu lita 29. Haba na haba hujaza kibaba; nayo haba na haba hukimaliza.

Hasara haiishii mfukoni. Lita moja ya oili ikitanda juu ya maji kwa unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita, hufunika mita za mraba 1,000. Utando huo huzuia hewa kuingia majini, na oili chafu huchukua masizi na chembe za metali. Katika Uluguru vijito vyote vina mwenyewe. Ngerengere hulijaza bwawa la Mindu linalowapa maji watu wa Morogoro, kisha huungana na Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zenye kuweza kudhuru mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwa hiyo karakana na maegesho ya katapila viwe mbali na maji, sinia iwekwe chini ya sehemu inayovuja, oili iliyomwagika ifunikwe kwa unga wa mbao, na oili chafu ihifadhiwe katika pipa lenye kifuniko.

Jaribio la shuleni

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili bila katapila. Chukua oili kidogo safi, hesabu matone 100 katika silinda ya kupimia, na utafute ujazo wa tone moja. Rudia jaribio oili ikiwa imepashwa moto kidogo ndani ya maji vuguvugu, uone tofauti ya kasi yake inapopita katika mrija mwembamba. Kisha mwulize dereva wa trekta lolote lililo karibu idadi ya matone yanayodondoka kwa dakika, na ukokotoe hasara ya mwaka mzima.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katapila lenye umri wa miaka 40 laweza kuendelea kufanya kazi njema, mradi anayelitunza asiridhike kuongeza oili tu, bali aulize kila asubuhi: oili hii imepita wapi, na imesukumwa na nini?