Maji Yakipwa Cape Cod

Mashariki ya jimbo la Massachusetts, huko Marekani, nchi imejitokeza baharini kwa rasi ndefu ya mchanga iitwayo Cape Cod, na upande wake wa nje, unaoikabili Atlantiki bila ya mwamba wala kisiwa cha kuukinga, umehifadhiwa na serikali tangu 1961 usije ukajengwa ovyo. Huko, majira ya joto yakiingia hata baridi inapokaribia, huonekana watu wamesimama ndani ya povu la mawimbi, fito ndefu mikononi na suruali za mpira zikiwafika kifuani, wakimtafuta samaki ambaye machoni pao hana kifani, naye ni besi wa milia.

Magamba yake yana rangi ya fedha, na ubavuni imepita milia myeusi saba au minane kutoka nyuma ya matamvua hata mkiani. Huzaliwa katika maji matamu ya mito, hasa ile imwagikayo katika ghuba ya Chesapeake, na mto Hudson kadhalika. Kisha akipata nguvu hushika njia ya baharini, akapanda kaskazini kufuata chakula, na baridi ikinukia akarejea kusini. Huweza kuishi miaka 30, na walio wakubwa mno aghalabu ni majike.

Asiyeujua uvuvi huu hudhani kwamba maji yakipwa kazi imekwisha, kwa kuwa bahari imejitenga na samaki wamekwenda nayo. Kwa rai yangu saa hiyo ndiyo adhimu kuliko zote. Ufuo ule, ingawa kwa mbali waonekana umetandazwa sawasawa, umechongwa na wimbi na mkondo: mbele yake limelala fungu la mchanga, baina ya fungu na nchi kavu umepita mfereji, na hapa na pale fungu limekatika likaacha mlango wa kutokea maji. Bahari ikijaa, yote hayo hufunikwa, jicho lisione ila mawimbi. Ikipwa kwa kiasi cha mita mbili, na kwa bamvua zaidi ya hapo, hufichuka. Msomaji aliyelelewa Lamu, Pemba au Kilwa hahitaji kuelezwa bamvua ni nini, wala kwa nini kupwa kwa leo si saa ile ile ya jana.

Basi mvuvi hodari huenda mchana, ufito ameuacha nyumbani, akatembea ufuo mzima kwa miguu. Hutazama mahali ambapo wimbi halivunjiki ilhali kulia na kushoto linavunjika. Hutazama maji yaliyo meusi kuliko jirani zake, na povu linalokwenda baharini badala ya kuja pwani. Huukanyaga mchanga pia, maana karibu na mlango, mkondo umezichukua chembe laini ukaacha zile kubwa na changarawe, hata mguu ukadidimia. Akiisha kuupata mlango, huushika kwa alama mbili za nchi kavu, mathalan nyumba iliyo juu ya genge na njia ishukayo ufuoni, ili usiku aweze kusimama papo hapo bila ya kuwasha taa.

Sababu ya taabu yote hiyo ni hii. Maji yanapotoka, yale ya mferejini hayana njia ila mlango, nayo hupita kwa kasi yakichukua kamba, kaa na visamaki vyembamba ambavyo desturi yao ni kujizika mchangani. Besi, aliye mzito wa mwili na asiyependa kupoteza nguvu zake, hukaa pembeni mwa mlango, pale mkondo mkali unapogusana na maji yaliyotulia, kichwa amekielekeza kunakotoka riziki. Kwa hiyo mvuvi hatupi chambo mbele yake tu: hukitupa juu ya mkondo, kiwe mkunga mzima au kipande cha mti kilichochongwa umbo la samaki, akakiacha kivutwe na maji hata kipite mlangoni kama kinavyopita kiumbe kilichoshindwa. Saa mbili za mwisho za kupwa na ile ya mwanzo wa kujaa, zikiangukia usiku au alfajiri, ndizo zinazongojwa kwa hamu. Besi akidaka, mbio zake za kwanza huondoka na mshipi mwingi, na anayeubana kwa pupa huukata.

Hadhari moja haina budi kutajwa. Maji yakipwa sana mtu huweza kuvuka mfereji akasimama juu ya fungu, karibu zaidi na kilindi, akajiona amepata fahari; lakini bahari ikigeuka, mfereji ulio nyuma yake hujaa kabla ya fungu alilosimamia, naye katika giza hajui mpaka ageuke kurudi. Suruali ya mpira ikiingia maji humlemea, ndiyo maana mkanda wa kiunoni haufunguliwi. Fauka ya hayo, sili waliohifadhiwa kwa sheria tangu 1972 wameongezeka, na papa weupe wakawafuata. Septemba 2018 mtu mmoja aliuawa na papa katika ufuo wa Wellfleet, hapo hapo Cape Cod.

Hata hivyo samaki huyu ndiye aliyeumizwa zaidi na binadamu. Mapema sana, mwaka 1639, koloni ya Massachusetts Bay ilikataza besi kutumiwa kuwa mbolea ya mashamba, jambo linaloonyesha jinsi walivyokuwa tele na jinsi walivyodharauliwa. Mwaka 1982 mvuvi Al McReynolds, akivua katika dhoruba juu ya gati ya mawe huko Atlantic City, alimtoa mmoja wa kilo 35 na zaidi. Ila wakati huo huo samaki walikuwa wakitoweka, na kuanzia 1985 jimbo la Maryland likapiga marufuku uvuvi wao kwa miaka mitano. Walirejea, na mwaka 1995 ikatangazwa kwamba wamepona, kisha mwaka 2019 ikadhihirika kuwa wamevuliwa kupita kiasi tena. Tangu 2023 mvuvi wa burudani katika bahari hiyo ya Atlantiki huruhusiwa besi mmoja kwa siku, wa sentimita 71 hadi 79 tu. Aliye mkubwa kuliko hapo hurudishwa majini, kwa kuwa jike kubwa hubeba mayai kwa mamilioni, na vifaranga vya Chesapeake vimekuwa haba mwaka baada ya mwaka.