Injini Imefunguliwa Juzi, Mbona Yala Oili?

Gari langu lilifunguliwa injini, likatiwa ringi, beringi na gasketi mpya. Miezi miwili baadaye kijiti cha kupimia oili kikatoka kikavu, na chini ya gari hamna tone. Basi inaungua. Fundi akasema, "Tufungue tena." Nikakataa. Ringi mpya hula oili kidogo mpaka zikae, lakini miezi miwili ni mingi.

Tazama moshi wa buluu. Ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukakatika, au umeteremka Mazeras bila kukanyaga mafuta na ukafuka ulipokanyaga tena, shuku sili za vali. Ukifuka kila gari linapovuta mlima, shuku ringi: huenda silinda hazikusuguliwa vyema, au ringi zimepinduliwa.

Kisha pima kompresheni. Silinda iliyo dhaifu itie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi hazizibi. Isipopanda, tazama vali au gasketi ya kichwa. Usisahau vali ndogo ya kupumulia injini. Ikiharibika, oili huweza kufyonzwa ikaungua.

Langu lilifuka asubuhi tu, na silinda zote 4 zilikuwa sawa. Kumbe fundi alirudisha sili kuukuu! Zikabadilishwa bila hata kushusha kichwa, na moshi ukaisha. Ndugu yangu, lipia kipimo kabla hujalipia injini mara ya pili.