Kilicho chini ya rangi: biashara ya kufufua pikipiki kuukuu

Tangi la mafuta ndilo linalouza pikipiki. Mnunuzi akifika, kabla hajaomba ufunguo, jicho lake hutua hapo: rangi imebabuka au inang'aa, kuna mbonyeo au hakuna. Kwa hiyo mwenye pikipiki ya zamani anayetaka kuirudishia sura huanza na tangi, na kazi kubwa anaweza kuifanya mwenyewe uani kwake.

Mali ya kufanyia kazi ipo tele. Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250 mwaka 2008, bodaboda zilimiminika barabarani. Tanzania nayo ilitunga kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za abiria mwaka 2010. Zile za miaka hiyo ambazo bado zinatembea zimepigwa na jua, vumbi na mvua kwa zaidi ya miaka kumi, na mara nyingi sura huchoka kabla ya injini. Za zamani kuliko hizo ni Honda XL na Yamaha DT walizokuwa wakipanda mabwana shamba na wamisionari.

Vipuri navyo vina historia yake. Honda CG 125 ilitoka mwaka 1976 ikiwa na injini rahisi, iliyobuniwa kuvumilia matunzo hafifu. Viwanda vya China viliunakili muundo huo kwa wingi, na ndiyo sababu madigadi, taa, saitimira na hata tangi la umbo lake si vitu adimu katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi.

Gharama iliyojificha ni muda. Rangi yenyewe hupulizwa kwa dakika chache. Maandalizi hula siku. Tangi hufunguliwa, petroli humwagwa yote, kisha huachwa wazi mahali penye hewa mpaka harufu iishe, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka kwa cheche moja. Msasa mkavu namba 80 hula kutu na rangi ya zamani hadi chuma kionekane cheupe. Mbonyeo hujazwa puti, husawazishwa kwa namba 240, hupakwa praima, kisha hupitiwa kwa msasa wa maji namba 400 au 600. Fundi mzoefu hategemei macho tu wakati huo, bali hupitisha kiganja polepole juu ya chuma, maana mkono hugundua bonde ambalo jicho halijaliona.

Katika kuchagua rangi ndipo wengi hukosea wakitafuta nafuu. Rangi ya NC (nitroselulosi) ni rahisi na hukauka upesi, lakini petroli ikimwagika wakati wa kujaza mafuta huilainisha na kuacha doa. Rangi ya 2K, inayochanganywa na hadina, huhimili petroli vizuri zaidi. Ila hadina ina kemikali zinazoweza kuleta pumu, hivyo kitambaa puani hakitoshi. Asiye na barakoa inayofaa na mahali pa wazi afanye maandalizi nyumbani, kisha alipeleke tangi kwa fundi rangi mwenye kompresa.

Krome nayo ina hesabu yake. Kutu nyepesi kwenye rimu au ekzosi hutoka kwa karatasi ya aluminiamu iliyoloweshwa maji na kusuguliwa taratibu. Krome iliyokwisha kubanduka haina dawa ya nyumbani: hutaka mtambo wa umeme na kemikali zenye sumu. Kwa pikipiki ya kawaida, kununua kipuri kipya ni uamuzi wenye akili zaidi.

Namba ya chesisi isijazwe puti wala kufichwa na rangi. Anayebadilisha rangi kabisa arekebishe pia kadi ya usajili, kwani rangi huandikwa humo na mnunuzi makini atalinganisha.

Rangi nzuri huongeza thamani ya pikipiki nzima. Kwenye chuma kilichooza huahirisha tu hasara na kumtwisha mtu mwingine. Anayekusudia kuuza na apige picha za tangi na chesisi vikiwa chuma kitupu, kabla ya puti, amkabidhi mnunuzi pamoja na kadi.