Kilichomo Ndani ya Jiwe: Madini Mkakati Yanayoambatana na Dhahabu, Shaba na Nikeli

Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia kwenda nje ya nchi. Neno lililokuwa la wahandisi na maofisa wa bandari likaingia katika vijiwe vya kahawa, vya Katesh na Haydom vikiwamo. Makinikia ni mchanga wenye metali unaopatikana baada ya mwamba kusagwa na sehemu kubwa ya mawe yasiyo na thamani kuondolewa. Yale ya Bulyanhulu na Buzwagi yalitoka katika migodi ijulikanayo kuwa ya dhahabu, lakini ndani yake mlikuwa na shaba, fedha, chuma na salfa pia. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliyochunguza shehena ya makontena 277, ilitaja hata iridiamu, rodiamu, beriliamu na lithiamu. Kampuni husika ilizipinga hesabu za kamati. Shauri hilo lilimalizwa kwa mazungumzo, na mwaka 2019 ikaundwa Kampuni ya Twiga Minerals ambamo Serikali ina hisa za asilimia 16.

Mgogoro huo uliwaonyesha wananchi kwamba jina la mgodi halitaji kila kilichomo ndani ya mwamba wake.

Madini hayaambatani kwa bahati. Mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi unapokuwa na salfa ya kutosha, salfa hiyo hujitenga kama mafuta yanavyojitenga na mchuzi, nayo huvuta nikeli, shaba na kobalti kwa pamoja. Ndivyo ulivyo mwamba wa Kabanga, wilayani Ngara: ni mradi wa nikeli kwa jina, lakini shaba na kobalti zimo humo humo. Kobalti inatafutwa sana kwa ajili ya betri za simu na magari ya umeme. Huko Kolwezi, nchini Kongo, kobalti hutoka katika migodi ya shaba. Na Kipushi, karibu na Lubumbashi, zinki huambatana na jemaniamu, inayotumika katika nyaya za mawasiliano zinazopitisha mwanga. Hakuna anayefungua mgodi mkubwa kwa ajili ya jemaniamu peke yake, maana kiasi chake ndani ya jiwe ni kidogo mno.

Utegemezi huo una matokeo yake. Bei ya shaba ikianguka na mgodi ukafungwa, kobalti nayo hukoma hata kama wanunuzi wake wanaililia. Vilevile, mtambo usio na uwezo wa kutenganisha madini madogo huyaacha yaende na mabaki. Na mkataba wa mauzo usipoyataja, mnunuzi wa makinikia huyapata bila kuyalipia.

Hapo ndipo suala linapoigusa halmashauri. Mwaka 2017 mrabaha wa metali kama dhahabu na shaba ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6 ya thamani ghafi. Ushuru wa huduma, unaolipwa kwa halmashauri ambako shughuli inafanyika, ni asilimia ndogo ya mauzo. Fedha hizo zote hukokotolewa kutokana na kilichopimwa na kuandikwa. Gramu isiyoandikwa haijengi darasa wala zahanati.

Mkoa wa Manyara una mfano wake, ingawa si wa metali. Mwamba wa Mirerani unaobeba tanzanaiti umejaa kinywe, ambacho leo ni madini mkakati kwa sababu ya betri. Kwa upande wa Hanang, mlima wenyewe ni volkeno ya Bonde la Ufa, na jambo hili huwapa baadhi ya madalali maneno mengi. Ni kweli kwamba miamba ya asili ya volkeno ina niobiamu huko Panda Hill, Mbeya. Hata hivyo, undugu wa miamba si ushahidi wa hazina. Ushahidi hutoka maabara, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yenye makao yake Dodoma, hupima sampuli. Anayepeleka jiwe aombe lipimwe metali zote zinazowezekana, isiwe dhahabu pekee. Vinginevyo cheti kitajibu swali moja tu.

Mkazi anayefikiwa na mtafiti shambani ana haki ya kuiona leseni yake na kuuliza ni ya aina gani. Leseni ya utafiti hairuhusu uchimbaji wa kibiashara. Aidha, Sheria ya Madini inadai idhini ya maandishi ya mkazi halali kabla ya kazi kufanyika karibu na nyumba inayokaliwa au shamba lililolimwa, na madhara yanayotokea hulipiwa fidia. Madini yenyewe ni mali ya Jamhuri, hivyo dalali anayedai kununua "haki ya mawe" kwa mkono, bila leseni, hana anachonunua. Mwananchi anayetaka kuchimba mwenyewe huomba leseni ya uchimbaji mdogo kupitia Ofisi ya Afisa Madini Mkazi.