Kipepeo Anayezaa Mabinti Watupu

Katika bustani za Nairobi huruka kipepeo wa rangi ya machungwa, Danaus chrysippus kwa jina la kisayansi. Wengine wana ncha nyeusi za mabawa zenye madoa meupe, wengine hawana. Huruka polepole, kama mtu asiye na deni. Ndege aliyewahi kumwonja alitapika, na hana hamu ya kurudia.

Sumu inayomtapisha ndege, kipepeo huipata angali kiwavi, anapokula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo, jamaa za digoksini ambayo madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa wa moyo kwa vipimo vidogo mno. Kumshika kipepeo mwenyewe hakudhuru. Jihadhari na utomvu: ukiingia jichoni huwasha, na waweza kukutia ukungu wa macho kwa siku kadhaa. Osha kwa maji safi mengi, kisha nenda hospitali.

Ila sumu ni habari ndogo. Majike wengi wa eneo la Nairobi wamebeba bakteria aitwaye Spiroplasma, ambaye mama humrithisha mtoto ndani ya yai. Kwa bakteria huyu dume ni njia iliyoziba, maana hatagi. Basi humwua kabla hajaanguliwa. Nusu ya mayai huharibika, na dada walioanguliwa wakati mwingine huwala kaka zao. Ni ukatili, lakini hesabu yake imekaa sawa: aliyeshiba ndiye atakayembeba bakteria kesho.

Watafiti wa vinasaba wamekuta pia kwamba, kwa majike hao, kromosomu yenye vinasaba vya rangi ya mabawa imeungana na ile inayomfanya kipepeo awe jike. (Kwa vipepeo, kinyume na sisi, jike ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana.) Kwa hiyo rangi na maradhi husafiri pamoja, toka mama hadi binti.

Madume wachache waliopo huzaliwa na majike wasioambukizwa. Kuwatambua ni rahisi: tazama bawa la nyuma. Jike ana madoa meusi matatu katikati. Dume ana la nne, lenye kiini cheupe, nacho ni kifuko cha harufu ya kumbembelezea jike. Nairobi utahesabu vipepeo wengi kabla hujaliona doa hilo.